Faida na Pasi ya Bata

Rubondo, Jumapili baada ya ibada

Faida, mwanangu wa kwanza,

Wewe na baba yako mmekwenda Ngarama kumuaga shangazi yako, na mimi nimesema nabaki kukunja nguo zako. Nguo nimekwisha kuzikunja. Zimepigwa pasi mpaka zimenyooka kama kuta za kanisa jipya, na begi limefungwa, liko mlangoni. Sasa nimekaa nje kwenye kigoda kifupi, karatasi iko juu ya goti, na kuku wamenizunguka wakidhani nitawamwagia mahindi. Hawapati kitu. Leo naandika.

Unajua ninavyoandika: Kiswahili cha shule, kile ambacho mwalimu alitupiga vidole kwa ajili yake kule kwetu kando ya ziwa. Mdomo wangu una kingine. Ukisoma, weka mwenyewe sauti yangu ndani.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala ufunge mlango, wala usiache kusali. Hayo baba yako ameyasema wiki nzima, na shangazi yako anayarudia sasa hivi, namwona kabisa. Habari za wanaume wa mjini Mama Goreth alikueleza juzi, tena kwa mifano. Niliisikia mifano hiyo kupitia ukutani, na mimi mwenyewe, na umri huu, nikajifunza mambo.

Mimi nataka kukuandikia habari ya chuma. Kesho utakuwa Mbarara kwenye karakana ya Tumwine, msichana peke yako kati ya vijana wanaosubu sufuria, kuyeyusha na kumimina, na mmoja wao atakuuliza: wewe wazimu huu uliutoa wapi? Utataka kumjibu. Lakini hadithi uliyo nayo ni ya baba yako, na baba yako, Mungu ambariki, hawezi kusimulia kitu bila kukitia chumvi. Kwake yeye, mimi nilimpokonya Tumwine nyundo. Sikumpokonya nyundo. Nilimshika mkono tu.

Ilikuwa hivi. Hatukuwa na muda mrefu tangu tufike hapa Uganda, kwenye makazi haya ya wakimbizi, na wewe ulikuwa bado wa mgongoni. Tulikuwa tumekuja na nguo na sufuria moja nyepesi iliyobonyea, basi. Mama Goreth, ambaye kiwanja chake kilikuwa jirani na chetu kama kilivyo leo, alikuwa na pasi ya mkaa. Alikuwa ananiazima siku za soko, nami naenda soko la Rwekubo kuwapigia watu pasi nguo za Jumapili. Alikuwa ametoka Burundi miaka mingi kabla yetu, na aliniazima hiyo pasi kabla hata hajajua jina langu. Aliniita “wewe wa pasi.”

Siku hiyo nilikwenda kununua mkaa, nikapita pale wanapopima vyuma chakavu. Tumwine alikuwa kijana mwembamba wakati huo, ana baiskeli, ana mizani ya kuning'iniza, na nyundo kubwa kuliko kichwa chake. Alikuwa ananunua vyuma vya kila namna na kuvivunja vipande ili vijae vizuri kwenye magunia, kisha lori linakuja kuvibeba kwenda kuyeyushwa. Chuma cha kusubu, wewe sasa unakijua kuliko mimi, hakipindi. Kimemiminwa kikiwa uji, kikaganda, na ukikipiga nyundo kinavunjika kama sahani. Alikuwa amemaliza kuvunja gurudumu la mashine ya kusagia. Akanyoosha mkono, akachukua pasi.

Ilikuwa pasi ya mkaa ya zamani, nzito, nyeusi, na mbele yake, pale unapofungulia kifuniko, alisimama jogoo mdogo wa chuma, kishungi juu, kama anayesubiri alfajiri. Tumwine akaifungua kutazama kama ina majivu, akaifunga. Kifuniko kikalia: klap.

Faida, miguu yangu ilisimama yenyewe. Mlio ule sikuwa nimeusikia tangu tuvuke mpaka. Mama yangu alikuwa na pasi kama hiyo. Jumamosi alipoifunga, sisi watoto tulijua kesho ni kanisani na leo kuna samaki. Pasi ile ilibaki kule, nyumba ilibaki, na mimi nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba vitu ni vitu tu. Kumbe sikio langu halikukubali.

“Weee! Usivunje!”

Tumwine akageuka, nyundo iko hewani. “Nyabo,” yaani mama kwa lugha yake, “wewe nataka nini?”

“Nataka hiyo pasi.”

“Hii si pasi. Hii ni kilo.”

“Ni pasi. Ina jogoo.”

Akamtazama jogoo vizuri, kama mtu anayetafuta uamuzi wa haki. “Jogoo pia ni kilo,” akasema, akainua nyundo.

Hapo ndipo nikamshika mkono. Wewe ukaamka mgongoni ukaanza kulia, na watu wakaanza kukusanyika, na Tumwine, ambaye moyo wake ni laini kuliko nyundo yake, akaona aibu. Sikuwa na kitu cha kumpa. Nikamwambia nitampigia pasi mashati yake ya kanisani mpaka mahindi yavunwe. Alikuwa na shati moja tu, nililiona mwilini mwake, nikajiona mjanja. Jumamosi iliyofuata akaja Rubondo na mashati ya kaka zake wote, na kanzu ya padri wao juu yake.

Nikapiga pasi mpaka mahindi yakavunwa. Na sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama msimu ule.

Baada ya hapo watu wakajua kwamba kuna mama Mkongomani, Rubondo, anayependa vyuma vya zamani. Wakaanza kuleta. Chungu cha chuma cha miguu mitatu ambacho mwenyewe alikuwa akinyweshea kuku. Mashine ya kusagia kahawa ya kugongelea ukutani. Mawe ya mizani ya duka lililokufa zamani. Miguu ya cherehani yenye maua ya chuma, bila cherehani. Nami nikabadilishana nao kwa kupiga pasi, kwa maharage, kwa maparachichi. Halafu macho yakizoea kutazama hayachagui. Nikaanza kuona na vitu vya mti na vya majani: kijiko kilichochongwa shingo kama ya korongo, vikapu vya Kirundi vyenye kifuniko kilichochongoka, na vigoda vya hapahapa Ankole. Kila kimoja, mtu alikuwa amekaa nacho akakitengeneza vizuri zaidi kuliko ilivyohitajika. Hicho ndicho kilichonishika. Chungu kinahitaji miguu mitatu, kweli, lakini nani alimwomba fundi aifanye miguu hiyo iwe na vidole?

Baba yako alivumilia mpaka vyungu vikaingia chini ya kitanda. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. “Mama Faida,” akasema, “mu hii nyumba byungu biko na fasi, kuku biko na fasi, mie sina fasi. Nikalale wapi? Mu chungu?”

Nikamwambia, “Kile kikubwa kinakutosha.”

Alicheka mpaka akakaa chini, na kesho yake akaenda kutafuta mbao akatengeneza rafu. Nakuambia hili ili ujue namna ya kumchagua mtu, siku hiyo ikifika. Usitazame kama anapenda unachokipenda. Baba yako hadi leo hajui tofauti ya pasi na jiwe. Tazama tu kama anaweza kucheka akiwa amekosa mahali pa kulala.

Sasa makosa yangu. Hayana siri, Rubondo nzima iliyacheka, lakini mengine ulikuwa mdogo.

Ulikuwa umeanza tu kutembea tulipokaribisha mchungaji mgeni. Nilitaka kumwonyesha chungu changu kikubwa cha miguu mitatu, basi nikapika humo maharage, nikapakua, nikakisahau kitupu juu ya mafiga mpaka kikawa cha moto kabisa. Mchungaji alikuwa anaombea chakula. Mimi, kwa haraka ya kutaka kukiosha kabla hajakiona kimeungua, nikakimwagia maji ya baridi. Paa! Mlio ukapita nyumba yote, chungu kikapasuka kutoka mdomoni hadi tumboni, na mchungaji, amefumba macho, akasema kwa sauti kubwa, “Amina!” Mama Goreth alilazimika kutoka nje akacheke. Tangu siku hiyo najua kwamba chuma cha moto hakitaki haraka yako. Na watu wengi niliokutana nao pia hawaitaki.

Kingine ni kile kigoda. Nilikwenda Mbarara mara ya kwanza peke yangu, nikaona mtu anauza vitu vya kuchongwa kando ya barabara, na kimoja kilikuwa cheusi, kinang'aa, kinanukia uzee. “Babu yangu alikalia hiki,” akasema, “na babu yake alikalia hikihiki.” Nikaamini. Nilikibeba mapajani njia nzima kama mtoto mchanga. Jumapili baba yako akakikalia asubuhi, na suruali yake ya rangi ya maziwa, akisubiri nimalize kukusuka. Kanisani tuliposimama kuimba, waliokuwa nyuma yetu waliacha kuimba mmoja mmoja. Ilikuwa kiwi ya viatu, Faida! Kigoda kizima kilipakwa kiwi, na babu wa babu alikuwa amechongwa pengine wiki iliyopita. Nilichukia siku chache, kisha nikakipenda, kwa sababu chini ya kiwi mti ulikuwa mzuri na mkono wa mchongaji ulikuwa mzuri. Kama yule bwana angesema ukweli ningekichukua vilevile. Ndicho hiki nilichokikalia sasa.

Lakini kosa ninalolifikiria zaidi ni la chombo cha maziwa. Tumwine alikuwa amekwisha kuwa rafiki wa nyumba, na siku moja akaniletea chombo cha mti cha mama yake, kile cha shingo nyembamba ambacho Wanyankore wanawekea maziwa. Mama yake alikuwa amekipasua kidogo mdomoni na hakukitumia tena. Mimi nikakiona ni cheusi ndani na nje, kinanuka moshi, nikafikiri ni uchafu. Nikakisugua kwa mchanga na sabuni mpaka kikawa cheupe kama mfupa. Nikafurahi mno. Nikamwalika yule mama, ambaye sote tunamwita Kaaka, yaani bibi, aje aone nilivyokitunza.

Kaaka akakishika. Akaweka pua kwenye mdomo wa chombo, akanusa, akanusa tena. Mimi nikawa nasubiri sifa. Kisha akasema kitu kwa Kinyankore, na Tumwine hakutaka kunitafsiria.

“Sema tu,” nikamwambia.

“Nasema... mama yake, na mama ya mama yake, walifukiza hii na moshi ya majani, kila siku. Maziwa inakuwa tamu sababu ya ile. Nasema wewe umeosha bibi zake.”

Nilitaka ardhi inifunike. Lakini Kaaka akaniangalia uso, na nadhani uso wangu ulikuwa wa kuchekesha, kwa sababu akaanza kutikisika mabega, akacheka, akacheka, akanipiga paja. Akaondoka na chombo. Aliporudi baadaye kilikuwa kimeanza kuwa cheusi tena, kimefukizwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na maziwa. “Kunywa,” akaniambia. Nikanywa. Hata leo nikifumba macho naisikia ladha ya ule moshi. Kuanzia hapo sisafishi kitu cha mtu mwingine kabla ya kumuuliza uchafu wake una kazi gani. Ukifika mji mpya, mwanangu, utaona mambo mengi unayotaka kuyasugua. Nusa kwanza.

Haya. Sasa wewe unaingia.

Pasi ya jogoo niliacha kuitumia. Nilikuwa nimepata nyingine za kazi, na ile nikaiweka rafu ya juu kabisa, juu ya kitambaa cheupe, na nikatoa amri kwamba asiiguse mtu. Hata wewe. Ulikuwa unasimama chini yake, shingo imekunjika nyuma, unamtazama jogoo. Nami nilijivuna. Watu walikuja kuiona, nikawaonyesha kwa kidole, kwa mbali, kama mlinzi wa benki.

Basi nani akaivunja? Mimi mwenyewe, nikipangusa vumbi ambalo lisingekuwepo kama pasi ingekuwa inafanya kazi. Ilianguka, ikagonga mawe ya mizani, na jogoo akaruka chini ya kitanda. Tulipompata hakuwa na kichwa wala kishungi, na kile kichwa hatukukiona tena. Nililia, Faida. Ulinikuta nalia. Ulimchukua jogoo asiye na kichwa, ukamtia mfukoni mwa sare yako ya shule.

Kilichofuata unakijua kwa upande wako. Sasa sikia upande wangu. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta moshi nyuma ya nyumba, nikakuta vifuniko vyangu vya sufuria vimetoweka, na wewe umechuchumaa mbele ya shimo la makaa unapuliza kwa pampu ya baiskeli ya baba yako. Ndani ya kopo la chuma vifuniko vyangu vilikuwa vimekuwa maji ya fedha. Kabla sijafungua mdomo ukayamimina kwenye mchanga ili umsubu jogoo upya, na mchanga ulikuwa umelowa mno. Ukalipuka. Matone yakaruka, moja likakupiga mkononi. Hiyo alama ndogo kama punje ya mtama unayo hadi leo.

Nilipiga kelele mpaka Mama Goreth akaruka uzio. Nikakutia mkono kwenye maji, nikakugombeza, nikamgombeza baba yako kwa sababu ya pampu, nikagombeza hata kuku. Nikasema sitaki kuona moto wa namna hiyo kwangu, milele. Nilikuwa naogopa, na mtu akiogopa hupenda sana neno “milele.”

Wewe ulisikiliza yote. Kisha ukauliza, “Mama, mchanga ulikuwa na maji mengi, sivyo?”

Mimi nilikuwa na hasira. Lakini baba yako alikujibu. Nilijua baadaye kwamba mlikuwa mnakwenda wote nyuma ya kisima kutafuta mchanga laini, mnauchanganya na udongo mfinyanzi, mnaukanda uwe na unyevu kidogo tu, kama unga wa chapati kabla haujakubali kushikana. Alikutengenezea kisanduku cha mbao cha vipande viwili. Kichwa mlikitengeneza kwa nta, mkakiweka juu ya kiwiliwili cha jogoo ili mpate chapa mchangani, kwa sababu hamkuwa na kichwa cha kuiga, na nyinyi wawili mlibishana jogoo anafananaje wakati majogoo halisi wanapita miguuni mwenu.

Siku mliponiletea, mliifunika pasi na kitambaa. Baba yako alikuwa anakohoa kwa kujizuia. Nikafunua. Pale mbele, aking'aa kama sarafu mpya, alisimama ndege mwenye mdomo mpana bapa na kichwa cha mviringo, anatabasamu.

“Ni jogoo,” ukasema.

Mama Goreth akainama, akatazama. “Yoo, Mana yanje,” akamwita Mungu wake kwa Kirundi. “Huyu ni bata.”

Tulicheka mpaka machozi. Wewe ulikuwa wa mwisho kucheka, nilikuona mdomo ukitetemeka huku na huku, haujui uende upande gani, kisha ukaamua. Halafu nikaifungua pasi kwa kumshika bata shingo, nikaifunga. Klap. Mlio uleule! Nikatia makaa siku hiyohiyo.

Haikurudi rafuni. Nikaenda nayo Rwekubo, na watu wakaanza kusema, “Nipigie na ile ya bata.” Askari polisi mmoja alikuwa analeta sare yake na kusimama hapo akisema, “Hapana hiyo, mama, mimi nataka bata.” Watoto wakaniita Mama Bata, na wewe ukanyoosha shingo kila ulipolisikia jina hilo. Nilikuwa nimeiweka pasi kwenye kitambaa cheupe miaka mingi, na hakuna aliyeipenda mpaka ilipopata kichwa kibaya.

Wakati huo Tumwine alikuwa amekwisha kuhamia Mbarara na mama yake, ameacha kuvunja, ameanza kusubu. Tulipokwenda kumtembelea nikamwonyesha bata. Alimgeuza chini juu, akapitisha kucha pale kipande kilipoungana.

“Nani alifanya hii?”

Nikakuonyesha. Akakuuliza mambo ya mchanga, nawe ukamjibu mambo ya mchanga, na mimi nikasimama kati yenu kama mgeni kwenye harusi ya lugha nyingine. Mwishoni akasema, “Nyabo, huyu akimaliza shule, mulete. Nitamufundisha.”

Nikasema, “Bado mdogo.”

Ulipomaliza shule akapiga simu, nikasema karakana si mahali pa msichana. Akapiga tena, nikasema nakuhitaji sokoni. Ulikuwa umekaa hapohapo ukikoroga uji, hukuinua kichwa. Baba yako alitoka nje bila kusema kitu, na baba yako akikosa la kusema ujue jambo ni zito. Sababu zile zote zilikuwa za mdomoni. Ukweli ni kwamba nilivuka mpaka na mtoto mmoja na sufuria moja, na nilipoanza kupata vitu, nilijifunza kuvishika. Kuachia sikujifunza.

Ndipo ikaja harusi ya mtoto wa Mama Goreth. Watu wengi, sufuria chache. Akaja kuniomba vyungu. Nikaanza kusema hiki kina ufa, hiki ni cha zamani sana, hiki mguu wake haujakaa vizuri.

Akaniangalia. “Wewe wa pasi,” akasema, jina lile la zamani, “mimi nilikuazima yangu nikiwa sikujui.”

Vyungu vyote vikatoka, Faida. Kutoka rafuni, kutoka chini ya kitanda, kutoka nyuma ya mlango. Unakumbuka ule mstari wa moto nyuma ya nyumba yao, chungu baada ya chungu? Maharage, ndizi, mchele, nyama. Kijiko cha shingo ya korongo kilikoroga. Kaaka alikaa kwenye kigoda cha kiwi akiwa amevaa nyeusi kwa tahadhari. Bibi mmoja wa Kirundi akashika mashine ya kahawa akasema kwao kulikuwa na kama hii, akakataa kuiachia, akasaga kahawa ya harusi nzima mwenyewe. Na vijana wakakitundika kile chungu changu kilichopasuka kwenye mti, wakakigonga kwa fimbo, na kikatoa sauti kali ya kengele, na ngoma zikakifuata.

Mimi nilikuwa natembea na roho mkononi, naangalia miguu ya vyungu. Kisha nikasikia sauti nyuma ya moshi: “Mama, samahani, usikimwagie maji ya baridi. Ngoja kipoe. Hakitaki haraka.” Nikafikiri ni mimi niliyesema. Ulikuwa wewe. Ulikuwa na spana kwenye mkanda wa kitenge, unapita kutoka moto hadi moto, unainama, unagonga kwa kidole, unasikiliza, unawaambia wanawake wakubwa kuliko mimi wafanye nini, na kwa heshima kiasi kwamba hawakujua wanaamrishwa. Uso wako ulikuwa na masizi mpaka masikioni. Sijakuona mzuri kama siku ile, na nimekuona tangu ulipozaliwa.

Tumwine alikuwa amekaa na wageni, sahani imejaa. Nikamwendea. Hata sikumsalimu.

“Utamlaza wapi?” nikamuuliza.

Akajua mara moja. “Kwa Kaaka. Kaaka ameshatayarisha kitanda tangu mwaka ule.”

“Mwaka upi?”

“Mwaka ya bata,” akasema, akaendelea kula.

Basi nikamtafuta baba yako, na tukacheza mpaka viatu vyangu vikakatika.

Kwa hiyo kesho unakwenda, na mimi nimekwisha kukaa na jambo hili na nimeona ni furaha, si huzuni iliyovaa nguo za furaha. Utaharibu kazi. Mchanga utalowa tena, kalibu ya kumiminia itafunguka, utamimina mapema au kuchelewa. Ukiharibu, mwambie Tumwine siku hiyohiyo, akupigie kelele na umalize. Usifiche kipande kibovu. Kiweke mahali unapokiona. Na ukitembea Mbarara ukakuta kitu cha zamani kwenye rundo la chuma, usikiokote kwa sababu ni cha zamani. Uliza kilikuwa cha nani, kilipika nini. Wasipojua, gonga usikilize. Na kama bado unakitaka, kichukue ukakitumie.

Mimi hapa nitakuwa sawa. Rafu zimebaki na nafasi, kwa sababu bibi wa Kirundi hajarudisha mashine ya kahawa na sina mpango wa kumdai. Nitakuja kukuona maharage yakishavunwa. Usinitengenezee kitu kizuri cha kunionyesha. Nionyeshe ulichokuwa unafanya.

Nasikia boda imesimama barabarani. Ni nyinyi. Baba yako anasimulia kitu kwa sauti ya juu, bila shaka kimejaa chumvi, na wewe unacheka kile kicheko chako cha kukosa pumzi, na hata dereva wa boda anacheka. Sijui mnacheka nini. Naweka kalamu chini, nakuja kuuliza.

Mama yako